Dobi wa Ghorofa ya Nne na Intaneti Yake

Dobi hakupenda kuambiwa kwamba kazi yake ni kufua. Kufua hata mvua inafua, alikuwa akisema. Kazi iko kwenye pasi. Kwao alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme ya siku njema na pasi ya mkaa ya siku za umeme kukatika. Kwa miaka kumi na saba hakuna bwana harusi wa mtaa ule aliyeoa na shati lenye makunyanzi. Alianza na kola, akaja mikono, akamaliza na mgongo, na ukimkuta katikati ya shati hakuitikia salamu mpaka afike mwisho wa mshono. Watu walidhani ana maringo. Hayakuwa maringo. Alikuwa mtu asiyeweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, isipokuwa kupiga pasi na kumsikiliza binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na kigugumizi. Neno likimkwama, linakwama kwelikweli: mdomo wazi, macho yametoka, kiganja kinapiga paja, na wewe unangoja. Lakini usidhani kigugumizi kilimnyamazisha. Thubutu! Akitoka shuleni alikuja moja kwa moja kibandani, akaketi chini ya meza ya pasi mahali penye kivuli, akaanza: nani kampiga nani, mwalimu kasema nini, paka wa jirani kazalia wapi. Hadithi ya dakika tano ilikula saa nzima. Baba yake akambandika jina la Chiriku, yule ndege asiyenyamaza. Wateja walicheka, mtoto wa kigugumizi kuitwa Chiriku! Dobi hakuona cha kuchekesha. Huyo mtoto alipenda kusema kuliko mtu yeyote aliyemjua, na baba alipenda kusikia, basi kilichobaki kilikuwa muda, na muda walikuwa nao.

Kilichompeleka ng'ambo ni kilekile kinachowapeleka wengi, kwa hiyo tusikizungumze sana. Alipata kibarua katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mkataba wa mwaka mmoja. Siku ya kwanza alionyeshwa mashine ndefu inayomeza shuka upande huu na kulitema limenyooka upande wa pili. Akasimama akaitazama kama mtu aliyetambulishwa kwa mke mwenza. Baada ya wiki tatu msimamizi wa zamu aliiona kola ya shati alilovaa Dobi, akauliza nani kampigia pasi, na tangu siku ile akapewa makoti ya madaktari. Hapo akatulia kidogo.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na suala la simu. Hapo ndipo ng'ambo ilipomfundisha adabu.

Aliposhuka kwenye ndege aliwasha simu ileile na laini ileile ya kwao, kama anavyowasha siku zote. Hakujua kwamba laini ikivuka mpaka inageuka mnyama mwingine. Ilipowaka tu, kundi la ukoo likaamka: maua ya asubuhi njema kutoka kwa shangazi wawili, video ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli, dua ndefu yenye picha ya machweo, na wimbo ambao binamu yake aliutuma mara tatu kwa sababu hakuwa na hakika kama umefika. Ulifika. Yote yalifika, yakajifungua yenyewe moja baada ya jingine, na alipotaka kumpigia mkewe kumwambia kwamba ametua salama, salio lote alilojaza kwa safari lilikuwa limeliwa na maua ya shangazi.

Wa kumwokoa alikuwa mwenzake wa kazini, mtu wa kwao aliyeishi huko miaka kumi na miwili, na kila mgeni alimwita Mkongwe. Mkongwe alijua kila kitu, na nusu yake ilikuwa kweli.

"Kwanza toa hiyo laini, uiweke mbali," alisema. "Nunua ya hapa. Nenda na pasipoti, wanakusajili palepale, wanakuuzia na bando la wiki. Usikubali mkataba, watakufunga kama mbuzi."

"Na namba yangu ya zamani?"

"Ile programu ya meseji itabaki na namba yako ya zamani. Usiiguse ikikuuliza kama unataka kuibadilisha. Ukiigusa umepotea."

Hilo, kwa bahati, lilikuwa kwenye ile nusu ya kweli. Dobi akapata laini mpya. Lakini chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne upande wa nyuma, kimebanwa na ukuta wa jengo jingine, na ndani yake simu ilikuwa haioni kitu. Mahali pekee penye mtandao palikuwa ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kando ya dirisha dogo. Hapo ndipo aliposimama kila siku saa kumi jioni, akitoka kazini, akawapigia nyumbani kwa bando linalopungua huku akilitazama.

Sasa, sisi tumelelewa na mtandao mbovu. Mtu mwingine kimya kikiingia kwenye simu hungoja; sisi sekunde ya pili tu tumeshaanza: haloo, haloo, unanisikia, mbona umekatika? Tunapayuka kama simu ni bomba na mwenzetu yuko upande wa pili wa mlima. Dobi alikuwa hodari wa hilo kuliko wote. Na kwenye ngazi zile, picha imeganda, bando linayeyuka, alikuwa akimwambia mtoto, "Haya mama, sema haraka, bando linaisha." Chiriku akianza, neno likikwama, baba anadhani mtandao: "Haloo? Haloo! Umekatika?" Na kweli, mara simu inakatika. Dobi anashuka ngazi moja, anapanda mbili, anainua simu juu kama anayeonyesha mwanga, anapiga tena. Anapokea mkewe. "Amesema mtandao mbaya," mkewe anamwambia, "ameenda kucheza."

Wakaenda hivyo miezi minne. Mwezi wa tano mkewe akasema jambo jingine.

"Baba Chiriku, nilikuwa sitaki kukutia wasiwasi. Mwalimu aliniita. Anasema mtoto hasemi darasani. Akiulizwa anatikisa kichwa. Hata jina lake likiitwa asubuhi, ananyoosha mkono tu."

"Chiriku?"

"Na hapa nyumbani hivyohivyo. Ndiyo, hapana, sijui. Nikimwambia nisimulie, anasema hakuna kitu. Mtoto yule! Siku nzima hakuna kitu!"

Dobi alikaa kwenye ngazi ile mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akamwomba apishe. Alikuwa amemwacha mtoto anayesema, na sasa alikuwa na mtoto anayetikisa kichwa, na yeye yuko mbali. Miezi saba ya mkataba ilibaki. Akawaza kwamba mtoto akizoea kunyamaza miezi saba, nani atamrudisha? Akaona dawa ni moja tu: intaneti ya nyumbani, ya waya, chumbani, isiyokatika. Mtoto akisema asikike, akikwama angojewe, kama zamani.

Kesho yake akaenda dukani. Msichana wa dukani alikuwa na kucha ndefu na subira ndefu zaidi. Alimweleza kwa lugha yao, polepole, kwa vidole: kibali cha kuishi, akaunti ya benki, karatasi ya mwenye nyumba inayoonyesha anakaa wapi, na saini ya mwenye nyumba huyohuyo kwamba anaruhusu ukuta utobolewe. Na kwa kuwa kibali chake ni kifupi, mkataba ungekuwa wa mwezi kwa mwezi, ghali kidogo. Dobi akakubali yote akidhani ni asubuhi moja tu.

Benki wakamwambia wanataka karatasi ya mwenye nyumba kwanza. Mama mwenye nyumba akamwambia karatasi atampa, karatasi si shida. Shida ni tundu.

Huyo mama alikaa ghorofa ya chini, mjane, funguo zote za jengo zikining'inia shingoni. Alipenda ukuta wake kuliko watu wengi.

"Nyumba hii ina miaka sitini," alisema. "Haijatobolewa."

"Tundu dogo, mama."

"Hakuna tundu dogo. Leo tundu, kesho ufa, keshokutwa niko barabarani."

Dobi akarudi mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu, akakataliwa mlangoni. Mkongwe akamshauri atoboe kimyakimya siku mama akienda sokoni, na hilo lilikuwa kwenye ile nusu nyingine. Dobi hakuwa mtu wa hivyo. Lakini katika kukataliwa mara ya tatu alikuwa ameona, nyuma ya bega la yule mama, mapazia ya kitambaa chepesi cha matundumatundu, yamekunjamana dirishani yakatia huruma. Ilimuuma kama inavyokuuma wewe kumwona mtoto wa mtu na kamasi.

"Mama," akasema, "tundu tuliache. Nipe hayo mapazia."

"Uyafanye nini?"

"Niyanyooshe. Siwezi kupita hapa kila siku nikiyatazama."

Alimtazama sana, akampa. Dobi akayapiga pasi jioni ile na iliyofuata, upande wa ndani, juu ya taulo nene, na kitambaa cha maji katikati ili pasi isiguse nyuzi. Akayarudisha yamekunjwa kama barua. Yule mama alipoyatundika alipitisha kiganja chake juu yake. Mikono yake ilikuwa na baridi yabisi. Vidole havikunyooka tena. Akasema mumewe ndiye aliyekuwa akiyapiga pasi, na amekufa miaka mitatu sasa. Kisha akageuka.

"Tundu la ukubwa gani?"

"Kama kidole, mama."

"Kidole cha nani?"

Dobi akaonyesha kidole chake cha mwisho. Yule mama akaonyesha cha kwake, kilichokuwa chembamba zaidi, na wakapatana kwa hicho.

Siku ya fundi wa intaneti ilipangwa Jumatano, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana, maana mafundi wa namna hiyo wanakupa nusu siku nzima wakuweke roho juu. Dobi alibadilishana zamu na Mkongwe. Alifagia chumba, akatandika kitanda kwa pembe kali kama cha hospitali, akavaa shati la kola ngumu kana kwamba anakwenda kuposa. Fundi akafika saa sita na nusu, dada wa makamo mwenye ngazi begani na mkanda mzito wa vifaa kiunoni, akahema kwanza mlangoni. Mama mwenye nyumba alipanda naye ghorofa zote nne, akalinganisha kidole chake na msumari wa keekee ya kutobolea ukuta, akaridhika, akaketi kwenye kiti pekee kushuhudia.

Waya ukapandishwa kutoka chini, ukaingia ukutani kama uzi kwenye sindano. Fundi akafunga kisanduku cheupe juu ya kabati. Taa zikapepesa, moja, mbili, tatu, zikatulia kijani. Dobi akaandika neno la siri kwenye simu yake, herufi moja moja, ulimi nje. Kisha, fundi akiwa bado anakusanya vipande vya waya sakafuni, akapiga nyumbani.

Picha ikaja safi mno hata akashtuka. Aliona ukuta wao na doa lake la unyevu. Aliona upindo wa kanga ya mkewe uliofumuka. Kisha uso wa Chiriku ukajaa kioo kizima, akatabasamu, na Dobi akaona kwamba jino moja la pembeni limeng'oka na jipya limeshachungulia. Hakuna aliyemwambia. Kwenye ngazi zile picha haikuwa na meno.

"Chiriku wangu! Unaniona?"

"Na-na-nakuona. Baba, ja-jana mwa... mwa... mwa..."

Mdomo ukabaki wazi. Dobi, Mungu amsamehe, akafanya alichozoea miezi mitano.

"Haloo? Haloo! Umekatika?"

Simu ikakatika.

Dobi akaruka kwa fundi. Kwa lugha ile aliyoiokotaokota akalalamika: kitu kipya, hakina hata dakika mbili, tayari kimekata! Fundi akasimama, akatazama taa, akatazama simu yake mwenyewe, akapima, akatikisa kichwa. Hapa hakuna ugonjwa, akasema. Basi ni kule, Dobi akasema, kule mtandao wetu mbovu, tunaujua. Fundi akaomba aione simu, na akamweleza polepole, akionyesha kwa kidole. Mtandao ukipotea, simu huhangaika kwanza. Picha inaganda, inaandika kwamba inaunganisha tena, inazungushazungusha kialama, ndipo inakata tamaa. Hii haikuhangaika. Huko upande wa pili kuna mtu amebonyeza kitufe chekundu.

"Hapana," Dobi akasema. "Huko kuna binti yangu tu."

Fundi akakiangalia kisanduku chake, kwa adabu.

Na Dobi akaanza kukumbuka. Picha iliyoganda aliijua. Ngazini ilikuwa ikiganda kila siku, na kialama kile kikizunguka alikilaani sana. Lakini ile mikato mingine, ile ya ghafla, ya katikati ya neno, haikuganda wala haikuzunguka. Ilikuwa ikizima tu. Ngapi? Hakuzihesabu. Zote alizitupia mtandao. Mkewe naye akazitupia mtandao, kwa kuwa mtoto alisema ni mtandao. Alikaa kitandani, akaharibu zile pembe alizozitandika. Fundi alimpa karatasi asaini, akasaini pasipotakiwa, akaonyeshwa panapotakiwa, akasaini tena. Mama mwenye nyumba alimtazama usoni, akamshika fundi mkono, wakashuka wote wawili.

Alipopiga tena, alipokea mkewe.

"Mtandao tena?" mkewe akauliza. "Si umesema ni wa waya?"

"Mtandao mzuri, mama Chiriku. Yuko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Sijui ana nini."

"Mpe simu. Kisha mwache naye."

Chiriku akaishika simu kwa mikono miwili, uso chini, utosi ndio ulioonekana, na mstari wa nywele uliochanwa kwa haraka asubuhi.

"Wewe ndiye ulikuwa unakata?"

Utosi ukakubali.

"Siku zote?"

Ukakubali tena.

"Sina hasira. Nataka kujua tu. Kwa nini, mama?"

Mtoto akainua uso. Akafungua mdomo. Kiganja kimoja kikaiachia simu, kikaanza kupiga paja. Dobi hakukiona lakini alikisikia, pa, pa, pa, sauti ilikuwa safi hivyo. Neno halikuja. Sekunde zikapita, na ndani yake haloo ikapanda kooni kama kikohozi, akaing'ata. Alitazama juu ya kabati: kijani, kijani, kijani. Yupo. Hajaenda popote. Mtoto yupo, anatafuta neno, na baba mtu kazi yake ni kukaa.

"U-u-u... uli-ulisema ni-niseme ha-haraka," Chiriku akasema. Akavuta pumzi. "Mi-mimi siwezi ha-haraka. Ba-bando lako li-li-linaisha kwa sababu ya-ya-yangu."

Yeye, Dobi, aliyekuwa akiwaambia mabwana harusi waliomgongea meza kwamba haraka haraka haina baraka, na shati halikimbizwi! Kumbe alimkimbiza huyu. Alitamani aingie ndani ya simu ile. Machozi yalimjia na hakuyafuta, maana mtoto alikuwa anamwona vizuri, na kujifuta kungekuwa uongo.

"Nisamehe, mama. Nilikosa. Nilikosa sana."

Chiriku akamtazama kwa mshangao. Hakuwa amewahi kuombwa radhi na mtu mzima.

"Sasa sikiliza. Hii niliyoweka leo haina bando. Inalipiwa mwezi. Ukisema dakika moja, bei ileile. Ukisema mpaka kuku walale, bei ileile."

"Hai-haiishi?"

"Haiishi."

"Ha-hata ni-nikikwama?"

"Hata ukikwama."

"Hata ni-nikikaa kimya tu?"

"Hata ukikaa kimya tu. Jaribu uone."

Chiriku akajaribu. Aliifunga midomo yake kabisa, akamkodolea baba yake macho, akangoja aone kama kitu kitaisha. Dobi naye akakaa akimtazama, jino lile, doa la ukuta, utepe wa nywele uliolegea, na hakusema haloo. Nusu dakika ikapita. Dakika ikapita. Kitu hakikuisha. Mtoto akaanza kucheka kidogo, na baba akacheka, na bado hakuna aliyesema neno, mpaka mkewe akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kisha Chiriku akaketi vizuri, akakunja miguu, akaisimamisha simu kwenye kikombe ili mikono yote miwili iwe huru.

"Mwa-mwa-mwa..." alianza. Baba yake akavua viatu, akaegemea ukuta. "Mwa-mwalimu ja-jana alinya-nyolewa vi-vibaya."

Ilikuwa hadithi ya dakika tano. Waliimaliza baada ya saa moja na robo.